Naomba subira kila siku, lakini kila asubuhi nafoka

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 10, 7 na 3. Tunaishi Kimara, nafanya kazi kwenye duka la vitambaa Kariakoo, na kanisani nafundisha shule ya Jumapili. Shida yangu ni hasira. Asubuhi nawafokea watoto mpaka yule wa kati anapanda basi la shule analia. Jioni namjibu mume wangu vibaya. Mama mkwe, ambaye ndiye anayebaki na mdogo nyumbani, ananiona mkorofi. Nimefunga, nimeomba, nimewekewa mikono. Nikitoka ibadani nina amani, Jumatatu saa 12 asubuhi yameanza tena. Naambiwa mwanamke wa Mungu huvumilia yote. Nifanye nini? Na je, niache kufundisha watoto wa wenzangu wakati wa kwangu nawafokea?

Jibu: Asifiwe, dada. Umeandika jambo moja ambalo huenda hukuliona lilivyo na uzito: umetaja saa. Jumatatu, saa 12 asubuhi. Hukusema unawafokea watoto Jumamosi saa 4, wala hukusema unawafokea wateja, ingawa mteja wa vitambaa anaweza kukushushisha majora kumi na akaondoka bila kununua hata mita moja. Kwa hiyo subira unayo. Inakuishia mahali fulani, saa fulani. Kazi iliyopo ni kuijua saa hiyo na kuitengeneza kabla haijafika. Maombi yabaki palepale, ila ukiomba subira saa 12:10 huku basi linapiga honi na soksi moja haionekani, unaomba muujiza wa kila siku kwa jambo ambalo lingekwisha jana usiku kwa dakika 20.

Anza na daftari, wiki moja tu. Kila ukifoka, andika mambo matatu: saa ngapi, kilichokuwa kinatokea dakika kumi kabla, na hali ya mwili wako (umelala saa ngapi, umekula nini, uko siku ya ngapi ya mwezi wako). Usiandike "nimekuwa mama mbaya tena." Andika "12:05, natafuta kiatu cha wa kati, sijanywa chai, nililala saa 5:30." Wengi huliacha zoezi hili siku ya tatu kwa sababu wameligeuza kuwa daftari la dhambi, na nani anapenda kufungua daftari la namna hiyo? Lako ni la matukio. Siku ya saba lisome lote kwa mkupuo. Kwa kawaida matukio mengi hukusanyika kwenye nyakati mbili au tatu: asubuhi ya kutoka, jioni kati ya kuingia nyumbani na chakula, na wakati wa kulaza watoto. Usishangae Jumapili asubuhi nayo ikiwemo, tena juu kabisa. Familia nzima kuvaa vizuri na kuwahi ibada ya kwanza ni mtihani kuliko kwenda kazini.

Tuichukue asubuhi, maana ndiyo inayokuumiza zaidi. Fanya hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme basi la shule linafika saa 12:15. Lengo lako liwe watoto wasimame mlangoni saa 12:00 kamili, wakiwa na begi mgongoni. Hizo dakika 15 za ziada usiziguse, usizipangie kazi yoyote, ndizo zitakazobeba soksi iliyopotea na uji uliomwagika. Uji uwe mezani saa 11:40, kuamsha watoto saa 11:20, wewe uamke 10:50. Ili upate saa 7 za usingizi, kiwango cha chini kwa mtu mzima, uwe umelala saa 3:50 usiku. Sasa wageukie watoto. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa 11:20 alfajiri, ili apate hata zile 9 tu, lazima awe amelala saa 2:20 usiku. Je, wako wanalala saa ngapi? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam saa 2:20 chakula cha usiku ndiyo kwanza kinapakuliwa, na tamthilia bado. Yule wa kati unayemfokea mpaka analia huenda si mzembe hata kidogo. Anatafuta kiatu huku nusu yake bado imelala.

Ndiyo maana badiliko la kwanza ninalokuomba ulifanye si la asubuhi. Sogeza chakula cha usiku kiwe saa 1:15, hata kama mume hajarudi, chake kifunikwe. Kisha, kabla ya televisheni na simu, zitoe zile dakika 20 za maandalizi. Unifomu zipigwe pasi usiku, maana umeme ukikatika alfajiri hutakuwa na la kufanya zaidi ya kufoka. Viatu viwekwe mlangoni, soksi zikiwa ndani ya viatu. Daftari la kazi za nyumbani lisainiwe na begi lifungwe. Nauli na hela ya shule zihesabiwe zikiwa chenji kamili, kila mtoto yake, kwa sababu kutafuta chenji ya noti ya elfu kumi saa 12 asubuhi kumewahi kuvuruga nyumba nyingi. Maji ya moto yajazwe kwenye chupa ya chai ili uji uwahi kuiva. Nguo zako wewe, pamoja na mkoba na kadi ya mwendokasi, ziwe mahali pamoja. Wa miaka 10 apige kiwi viatu vya wawili, wa miaka 7 apange begi lake mwenyewe na wewe ukague tu. Siku nne za kwanza watafanya vibaya na utatamani kuwafanyia. Usiwafanyie. Warudishe kwa sauti ya kawaida wamalizie.

Halafu namna ya kuwaagiza. Mama aliye jikoni anayepiga kelele "fanyeni haraka, kila siku ninyi tu, basi linatuacha!" hajatoa agizo lolote, ametoa lawama na taarifa ya usafiri. Mwendee mtoto, mguse bega, mwite jina, mwambie jambo moja: "Vaa soksi." Subiri mpaka aanze, ndipo uondoke. Inachukua sekunde kumi na inaokoa dakika tano. Kwa yule wa miaka 3, mpe kuchagua kati ya vitu viwili ulivyovikubali wewe, shati hili au lile, maana umri huo unapigania kuamua zaidi ya unavyopigania shati lenyewe. Na acha vitisho usivyoweza kuvitimiza. Ukisema "leo nakuacha" na humwachi, na ukiita mara mbili kwa upole bila kufuatilia kisha mara ya tatu kwa ukali, mtoto anajifunza kwamba miito miwili ya kwanza haina maana. Hana kiburi, amekusoma tu: anajua mama huwa hamaanishi mpaka apaze sauti. Utamfundisha upya kwa kufuatilia ule mwito wa kwanza kwa miguu yako, kila mara, kwa wiki kama mbili au tatu.

Hata ukipanga hivyo, kuna siku hasira itapanda. Ijue inavyopanda mwilini mwako: taya linabana, mabega yanapanda, uso unapata joto, maneno yanaanza kukimbizana. Ukiona dalili ya kwanza, fumba kinywa kabla ya kitu kingine chochote. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita hadi nane, mara tano. Ni kama dakika moja. Kutoa pumzi taratibu kunapunguza mapigo ya moyo, na moyo ukitulia kidogo akili inapata nafasi ya kuchagua neno. Wakati wa kutoa pumzi, sema moyoni Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Urefu wake unatosha pumzi moja. Kisha ongea kwa sauti ya chini kuliko ya kawaida yako, umechuchumaa ulingane na mtoto. Ikiwa bado inachemka, sema wazi, "Mama anakwenda kunawa uso, anarudi," mwache mdogo mahali salama mbali na jiko, uende bafuni dakika mbili au tatu. Hiyo si kununa, kwa sababu umesema unakokwenda na kwamba unarudi.

Njia hii huwashinda watu kwa sababu moja kubwa: wanaijaribu mara ya kwanza katikati ya ugomvi. Mwili haujifunzi kitu kipya ukiwa vitani. Ifanyie mazoezi ukiwa umetulia. Wewe una nafasi nzuri kuliko wengi, kila asubuhi unasimama foleni kituo cha Kimara. Mabasi mawili yakikupita yamejaa, pumua mara tano na mstari wako. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, ndipo uje utegemee kuikumbuka jikoni.

Na ukishafoka? Rekebisha siku ileile. Waefeso 4:26 inataka jua lisizame na uchungu ungali moyoni, na kwa mtoto jioni ileile inatosha. Kaa chini, umtazame: "Asubuhi nilikufokea na nikakuita mzembe. Sikufanya vizuri. Nisamehe." Nyamaza hapo. Ukiongeza "lakini na wewe ungeweka kiatu mahali pake," umeufuta msamaha na umerudisha kesi. Habari ya kiatu ina wakati wake, usiku, mnapopanga vitu. Wako wazee watakaokuambia kwamba mzazi akiomba msamaha kwa mtoto anajishusha. Sikubaliani nao. Mtoto aliyeombwa msamaha na mama yake amefundishwa toba kwa vitendo, na sijui somo la shule ya Jumapili linaloweza kushindana na hilo. Jambo la kukwepa ni kulipa kwa soda au katuni za ziada kwa sababu dhamiri inakuuma. Watoto hawachelewi kuelewa kwamba kelele za asubuhi huzaa soda ya jioni, na wewe utakuwa umenunua kibali cha kufoka kesho.

Sasa niseme kuhusu mwili, kwa sababu kwa Wakristo eneo hili husahauliwa na kila kitu hupelekwa madhabahuni. Soma tena 1 Wafalme 19. Eliya, akitoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, anakimbia jangwani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaamshwa mara ya pili akaambiwa ale tena, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu. Basi angalia lile daftari lako: umefoka mara ngapi ukiwa hujala? Mwanamke anayetoka nyumbani saa 12:30 bila kitu tumboni, akaja kula chapati dukani saa 5, ana njaa ya saa kumi na nne tangu chakula cha jana. Kunywa chai na kitu cha kushika tumbo, kiazi, yai au kipande cha muhogo, kabla ya kuamsha watoto. Dakika kumi, umekaa.

Umesema umefunga. Kufunga ni jambo jema, lakini kufunga kavu siku ya kazi, ukiwa na watoto watatu na umelala kwa saa tano tu, mara nyingi huongeza kile unachokiombea kiondoke. Isaya 58:4 inawakemea watu waliofunga huku wakigombana na kupigana ngumi. Ukifunga, chagua siku ambayo dukani si mwisho wa mwezi wala msimu wa sikukuu, kunywa maji, punguza kazi za nyumbani siku hiyo, na ule chakula cha kutosha jioni. Ukiona siku za kufunga ndizo zenye alama nyingi kwenye daftari, zungumza na mchungaji wako ufunge kwa namna nyingine, kwa mfano kuacha simu baada ya saa 2 usiku. Vivyo hivyo na maombi ya alfajiri: usijiwekee saa nzima ya saa 9 usiku ambayo inaukata usingizi wako. Dakika kumi ukiwa macho kweli, na sala fupi fupi za mchana, zinakutosha kwa msimu huu wa watoto wadogo.

Ukiendelea na daftari kwa miezi miwili, tazama kama siku mbaya zinaangukia wiki moja kabla ya hedhi. Zikiangukia hapo, hilo si pepo, ni ratiba. Wiki hiyo usipange kikao kigumu na mume wala usafi mkubwa wa nyumba. Kama unatokwa damu nyingi kila mwezi, unachoka haraka, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa upungufu wa damu, na mtu mwenye upungufu wa damu huchoka na kukereka upesi. Mboga za majani, maharage na dagaa vina madini ya chuma, ila chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia yasiingie vizuri mwilini; iache chai mpaka ipite kama saa moja baada ya mlo wa mchana. Kama hasira ilianza au iliongezeka baada ya kuanza sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze muuguzi, mtazame njia nyingine pamoja. Usiache kimyakimya. Na kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kutwa nzima, huna furaha na chochote, usingizi hauji ingawa umechoka, au yanakujia mawazo kwamba bora usingekuwepo, hapo tumekwishatoka kwenye habari ya subira. Hiyo yaweza kuwa sonona, inatibika, na hospitali ndiyo mahali pa kwanza pa kwenda, mchungaji akikusindikiza kwa maombi.

Nije kwenye ile kauli kwamba mwanamke wa Mungu huvumilia yote. Maneno hayo yametoka 1 Wakorintho 13:7, na Paulo alikuwa anaeleza upendo, akiandikia kanisa zima la Korintho, wanaume kwa wanawake. Kuyatwisha wanawake peke yao ni kuyakata nusu. Isitoshe, yako mambo ya kubeba, yako ya kusema, na yako ya kukimbia, na mwanamke asiyeyatenganisha huishia kubeba yote mpaka siku anapolipuka kwa sababu ya kijiko. Mtoto kumwaga uji, mume kukoroma, mama mkwe kusimulia habari ileile mara ya tano: hayo beba. Jambo linalojirudia na linaloumiza nyumba, kama wewe kubeba asubuhi nzima peke yako, hilo lisemwe. Kipigo, vitisho, kunyimwa hela ya chakula au matibabu kwa makusudi, mtoto kudhalilishwa, hayo hayavumiliwi. Hukusema unapigwa na siwezi kudhani, lakini wako watakaosoma hapa ambao wamefundishwa kuita kipigo msalaba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iwe imesema nini. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu hutolewa huko, na kwa habari ya mtoto kuna simu namba 116. Ukienda huko hujaikosa subira.

Kwa yale ya kusemwa, wakati ni nusu ya maneno. Abigaili alikuwa na habari nzito ya kumwambia Nabali, mume mgumu kweli kweli, lakini alimkuta amelewa kwenye karamu. Hakumwambia neno, dogo wala kubwa, mpaka kulipokucha na divai imemtoka (1 Samweli 25:36-37). Aliisema yote, ila aliichagua saa. Wewe usianze mlangoni, mume anapovua viatu, wala wewe mwenyewe unaposhuka kwenye mwendokasi ulikosimama tangu kituo cha Gerezani. Pataneni kwamba dakika 15 za kwanza za kila anayeingia ni za kunywa maji na kubadili nguo, hakuna kesi. Kesi iwe baada ya chakula, watoto wamelala, jambo moja kwa usiku mmoja. Mpangilio wake uwe huu: tukio, linavyokuathiri, ombi lenye saa. "Baba Fulani, asubuhi nikiwa peke yangu na watoto wote nafoka, na sipendi. Naomba kuanzia kesho wewe umvalishe wa kati saa 11:30 na umtoe hadi kwenye basi." Ukimwambia tu "uwe unanisaidia," atasema sawa kwa moyo wote na kesho hatafanya kitu, kwa sababu ombi lako halikuwa na saa wala kazi. Neno "kila siku wewe" liondoe kabisa. Akikataa au akisahau, rudia ombi lilelile wiki inayofuata kwa maneno yaleyale, bila kumkumbusha makosa ya mwaka juzi.

Simu nayo ina dhambi zake. Ukiwa umekasirika usirekodi ujumbe wa sauti. Maandishi yanaweza kusomeka kwa upole, sauti haifichi. Andika, hifadhi, usome tena baada ya saa moja, na mara nyingi utafuta. Vijembe kwenye status, hata vikivikwa mstari wa Biblia, ni kufoka kwa kuandika, na mawifi huvielewa kabla ya mlengwa. Hata kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, omba waombee asubuhi zako. Habari za mume wako zibaki nyumbani, isipokuwa ile ya hatari niliyotaja juu, ambayo lazima umweleze mtu.

Mama mkwe anaweza kuwa sehemu ya dawa. Ruthu na Naomi hutajwa sana katika habari hii, ila tukumbuke wale wote wawili walikuwa wajane, hapakuwa na mtu wa katikati wa kugombewa. Wewe anza na mambo madogo yenye heshima. Shikamoo ya asubuhi itangulie agizo lolote, hata kama saa zinakimbia; ni sekunde tatu, na mzee huzihesabu. Kisha muombe kazi moja ambayo ni ya hadhi yake: awe anawasimulia wajukuu hadithi chumbani kuanzia saa 1:50 usiku, taa zizimwe saa 2:15. Umempa nafasi ndani ya nyumba, umepata usingizi wa watoto, na umepata dakika zako 20 za maandalizi. Akikukosoa mbele ya watoto, jibu moja tu, "Sawa mama, nimesikia," na uendelee na kazi. Jioni, mkiwa wawili, mweleze unavyofanya na sababu. Jambo likiwa kubwa, mwanawe ndiye alizungumze, na lizungumzwe kama uamuzi wa nyumba yenu, lisije likaonekana ni malalamiko yako yaliyobebwa.

Usitegemee kwamba mwezi ujao hutafoka. Maendeleo huja kwa mpangilio unaojulikana: kwanza utakuwa unatambua ukishamaliza kufoka, halafu utaanza kujishtukia katikati ya sentensi na kuikatisha, na mwishoni ndipo utakapoiona inakuja kabla ya kinywa kufunguka. Kuikatisha sentensi katikati ni hatua, usiidharau. Ukitoka mara tisa kwa wiki ukafika tano, mshukuru Mungu kwa zile nne. Wiki ya mitihani, mtoto akiugua homa, au mwisho wa mwezi wenye madeni, mpango wote huanguka. Ukianguka usiuanze wote upya kwa pamoja. Rudisha ule wa usiku peke yake, chakula cha mapema na maandalizi, na mengine yaje baadaye.

Kuhusu kufundisha shule ya Jumapili: usiache kwa aibu. Ni kweli Yakobo 3:1 inawaonya walimu kwamba hukumu yao ni kubwa zaidi, lakini mwalimu anayepambana na hasira yake na kuomba msamaha nyumbani kwake hafundishi uongo. Sababu nzuri ya kupunguza ni ile ya daftari. Ikiwa Jumapili asubuhi ndiyo yenye alama nyingi, mwombe msimamizi wa walimu akupange Jumapili moja, upumzike moja, kwa miezi mitatu, na umpe sababu ya kweli kwa sentensi moja: "Asubuhi zangu na watoto zimekuwa ngumu, nazirekebisha." Kama huwa unaandaa somo Jumamosi usiku mpaka saa 5, lihamishie Alhamisi. Na ikiwa hata darasani unawafokea watoto wa wenzako, pumzika miezi hiyo mitatu yote, kisha urudi kama msaidizi kwanza. Mwone msimamizi wiki hii, kabla ratiba ya robo mpya haijapangwa.